Rozaan Hakuwa Mkaidi

Beaufort West
Jumapili, 17 Februari 2002

Sanna mdogo wangu,

Nimetoka kanisani sasa hivi na kofia bado iko kichwani. Nikisubiri mpaka nipike nitakuwa nimepoa, na mimi nataka barua hii uisome ikiwa na moto wake. Sisi wazima. Rozaan anakula vizuri na analala vizuri. Mazuri yameishia hapo.

Uliponikabidhi mtoto huyu stesheni mwezi uliopita uliniambia ni mtundu kidogo, na kwamba shule ya shambani imemkalisha darasa moja miaka miwili kwa sababu mwalimu hampendi. Nikasema sawa, mimi nimepikia watoto wa bweni miaka saba, watundu nawajua. Huyu simjui.

Jumatatu nilimwambia: "Funga bomba, vaa viatu, chukua mkoba, nikukute mlangoni." Nikamkuta amekaa kitandani ameshika soksi moja, anaitazama kana kwamba hajawahi kuona soksi. Bomba lilikuwa linamwaga, jikoni kote maji. Jumatano akarudi kutoka shuleni pekupeku. "Viatu viko wapi?" "Nimempa msichana." "Msichana gani?" "Yule aliyeviomba." Hata jina lake halijui! Viatu vipya, Sanna. Alhamisi tulikaa na saa ya ukutani mpaka akaisoma bila kukosea hata mara moja, nikampigia makofi. Ijumaa asubuhi namuuliza saa ngapi, ananiangalia kama nimemsemesha lugha ya ng'ambo.

Nimemchapa, sikufichi. Kesho yake akarudia kosa lilelile, tena mbele yangu. Halafu jioni akaja kunikumbatia kama vile hakuna kilichotokea.

Umemdekeza. Lakini usihofu, nitamnyoosha. Mimi ndiye niliyekunyoosha wewe.

Dada yako,
Hester

*

Soetkloof, Bonde la Hex
21 Aprili 2002

Dada Hester,

Nisamehe kwa kuchelewa. Zabibu zilikuwa hazituachii nafasi ya hata kujikuna. Tulikuwa tunakata asubuhi, mchana tunapakia, jioni mgongo unakataa kunyooka. Sasa mavuno yamekwisha na mimi nimechoka uchovu nisioujua, chakula hakikai. Itapita.

Kuhusu Rozaan, ukaidi ule ni wa baba yake. Dawid naye ukimwambia mambo mawili anafanya la tatu. Halafu mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, unakumbuka alivyokuwa mdogo, tulimlaza kwenye kasha la kupakia zabibu. Tena akiwa na miaka miwili alianguka kutoka kwenye trela. Nafikiri ni lile trela.

Usimchape kichwani.

Na usimwone hana lolote. Mbwa wa hapa shambani, yule anayeuma kila mtu, alikuwa anamfuata yeye peke yake. Akiimba kwaya anashika sauti mara ya kwanza. Mwambie mama yake anamkumbuka. Au usimwambie, atalia.

Sanna

*

Beaufort West
2 Juni 2002

Sanna,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Mwalimu wa hapa aliniita. Nikajiandaa kwa ugomvi, nikavaa na koti la kanisani. Kumbe mwanamke yule hakuwa na ugomvi. Akaniambia, "Mama Cloete, mimi nadhani mtoto huyu hakatai. Nadhani hawezi." Akatuandikia barua ya kliniki, kuna daktari wa watoto anayekuja mara moja kwa mwezi.

Daktari alimpima Rozaan kichwa kwa utepe, kama mshonaji. Akamtazama macho, akatazama mdomo wa juu ulivyo mwembamba, na pale chini ya pua ambapo sisi tuna kifereji yeye hana. Mimi siku zote nilidhani ni uzuri wake tu. Kisha akampa michezo ya kupanga vipande na kukumbuka picha, ikachukua muda wa ibada nzima. Rozaan akachoka, akamtupia kalamu. Daktari akaiokota, akaendelea.

Mwishoni akamtoa mtoto nje na muuguzi, akaniuliza: "Mama yake alikuwa anakunywa alipokuwa na mimba?"

Akanieleza. Anachokunywa mama kinapita kwenye kitovu kinamfikia mtoto, na mtoto aliye tumboni hana ini la kukimaliza, kwa hiyo kinakaa naye. Wakati huo ubongo ndio unajengwa, na pombe inaharibu ujenzi. Anasema sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwambia mtu "subiri", ndiyo inayounganisha jana na leo. Nikamwambia huyu mtoto namchapa na hasikii. Akasema, "Anakumbuka fimbo, mama. Hakumbuki sababu."

Sanna, maneno hayo nimelala nayo wiki nzima.

Anasema hakuna dawa ya kuurudisha ubongo, lakini kuna namna ya kumlea, na kuna darasa la watoto wachache linaloweza kumchukua. Ila anahitaji jibu la swali lile, liandikwe kwenye karatasi zake.

Nikajibu hapana. Nikasema familia yetu ni ya kanisa. Sasa niandikie na wewe, useme hapana, ili nisiwe nimesema uongo.

Hester

*

Soetkloof
9 Juni 2002

Hester,

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu mwanangu. Umekwenda kwa mtu mwenye utepe akakwambia hivyo na wewe ukakaa ukasikiliza.

Hapa Soetkloof nani hakunywa? Mama yetu alikunywa, akatuzaa sisi. Wewe upo, unaimba soprano kila Jumapili. Kila mwanamke wa banda la kupakia alikunywa. Mbona unaniandikia mimi peke yangu?

Nakujibu: HAPANA. Kaandike.

Na kama mtoto amekuchosha mrudishe. Sikukupa ili umpeleke kupimwa kichwa kama ng'ombe wa maonyesho.

Sanna

*

Beaufort West
23 Juni 2002

Sanna, mtoto wa mama yangu,

Barua yako nilitaka kuichoma. Nikaiweka chini ya Biblia siku tatu, kisha nikajiuliza kwa nini imeniuma hivi.

Imeniuma kwa sababu jibu ninalijua. Nilikuwa ninalijua mbele ya daktari. Uongo ule sikuusema kwa ajili yako, niliusema kwa ajili yangu.

Mwaka ule wa mimba ya Rozaan, mume wangu marehemu Gert alikuwa msimamizi na mgongo wake ulikuwa umeshaharibika. Unakumbuka nani alikuwa anagawa mvinyo wa Ijumaa? Mimi. Nilikaa kwenye kigoda pale mlangoni mwa banda la kupakia na kile kikombe cha bati, mnapita mmoja mmoja kama watu wa meza ya Bwana. Ulikuja tumbo limeshachomoza. Ukasema, "Dada, leo sijisikii." Nikakujazia mpaka ukingoni nikakwambia, "Kunywa, mvinyo mwekundu unaongeza damu." Nilikwambia hivyo Ijumaa nyingi. Bibi yetu alituambia hivyo, na mimi niliamini, lakini mkono uliomimina ulikuwa wangu.

Naye mwenye shamba alijua mtu aliyelewa Jumamosi hawezi kuhamia shamba jingine Jumatatu. Hilo nalo ni la kusemwa. Hatukuutafuta mvinyo sisi, tuliukuta kwenye ujira wa baba zetu.

Kuhusu mama yetu, nilimuuliza muuguzi. Akasema si kila mtoto anapatwa, na hakuna ajuaye yupi atapona na yupi hatapona. Hakuna kipimo ambacho mtu anaweza kusema hiki hakina madhara. Mimi na wewe huenda tulipona. Lakini mkumbuke kaka yetu Abram, aliyekuwa anacheka msibani na kulia harusini, na sisi tulimwita zuzu mpaka anaingia kaburini.

Sikurudishii mtoto. Hajanichosha. Nimemchosha mimi, na nimemwomba msamaha. Aliniuliza, "Wa nini, Mama Mkubwa?"

Hester

*

Soetkloof
4 Agosti 2002

Dada yangu Hester,

Milima imevaa theluji na sisi tunapogoa mizabibu, vidole havisikii mkasi. Nimeandika barua hii mara nne. Hii ndiyo ya tano na itakwenda ilivyo.

Nilikunywa. Ijumaa kwako, na Jumamosi na Jumapili kwenye mifuko ya mvinyo ya Dawid. Nilikunywa kabla sijajua nina mimba, na nilipojua nikaendelea, maana hakuna aliyeniambia vinginevyo, na ningeambiwa sijui kama ningesikia. Usiubebe mzigo wote peke yako. Kikombe ulikijaza wewe, mdomo ni wangu.

Jambo la pili sikukwambia. Nina mimba. Ilianza Februari. Ule uchovu niliokuandikia ndio huo. Niliogopa utasema, umeshindwa kulea mmoja unaleta wa pili.

Barua yako ya daktari ilinikuta na mfuko wa mvinyo kwenye kiti pembeni yangu. Nilisoma mpaka pale pa kitovu. Nikasimama, nikautoa nje, nikaufungulia mferejini ukaisha wote. Dawid akaja: "Mfuko uko wapi?" Nikamwambia, "Umeteremka na mfereji, ukikimbia utaukuta kwa jirani." Kisha ndipo nikakaa nikakuandikia yale matusi. Ilibidi nimpige mtu, na wewe ulikuwa mbali, ukafaa.

Tangu siku ile sijagusa. Wiki mbili za kwanza nilitokwa jasho kitandani, nikasikia kuku wanaongea. Muuguzi wa gari la kliniki alinigombeza, akasema mtu asiache ghafla hivyo peke yake, aende kwao wamsaidie. Sasa ananipitia kila Jumanne.

Wenzangu wananicheka. Katryn wa banda la kupakia ananiita Mchungaji. "Mchungaji, tubariki basi kabla hatujaonja!" Nikasema, "Nikubariki mara ngapi, Katryn, na wewe baraka zinakutoka kama jasho?" Wakacheka wote, lakini kikombe hawakukiweka chini.

Miezi minne ya kwanza mtoto huyu alikunywa nami, dada. Nahesabu miezi hiyo kila siku.

Mwambie daktari NDIYO. Kwa herufi kubwa kama nilivyoandika ile nyingine.

Sanna

*

Beaufort West
15 Septemba 2002

Sanna wangu,

Nilimwambia. Niliogopa atanitazama vibaya. Akaandika, akafunga kalamu, akasema, "Mama Cloete, mwambie mdogo wako kwamba neno hilo limempa mwanawe shule." Rozaan ameanza darasa dogo, watoto wanane.

Kuhusu mimba, muuguzi wa hapa anasema siku yoyote mtu anayoacha ni faida kwa mtoto, ubongo unaendelea kukua mpaka mwisho. Umeokoa miezi mitano. Ihesabu hiyo pia.

Nyumbani nimebadilisha kila kitu. Simwambii mambo manne kwa pamoja, namwambia moja, nasubiri. Ukutani kuna picha nilizochora mwenyewe: kitanda, mswaki, uji, viatu, mkoba. Viatu nilivichora vibaya, Rozaan akaniuliza mbona kuna viazi. Kila siku mambo yaleyale, saa zilezile. Redio nazima anapofanya kazi ya shule, maana kelele inamjaza kichwani mpaka anapasuka. Kupasuka bado kunatokea. Mwezi uliopita alivunja kioo cha jirani kwa sababu nilibadilisha siku ya kwenda sokoni bila kumwandaa. Jirani akasema, "Mtoto huyu hana adabu." Nikamwambia, "Adabu anayo, njoo Jumapili akupikie chai uone." Kioo tulimrudishia.

Sasa sikia hili. Jana nimempa karatasi yenye picha ya hamira, nikamwambia: "Nenda dukani, lete hii." Peke yake! Nikasimama nyuma ya pazia nikahesabu mpaka nikapotea hesabu. Sanna, wasichana wawili walimwita barabarani, wakamwita tena. Alisimama. Akatazama karatasi. Akaendelea na safari. Akarudi na hamira mkononi kaishika kama yai.

Ningejua kupiga vigelegele mtaani bila kuitwa kichaa ningepiga. Wengine wanajivunia watoto wanaoshika namba moja. Waache wajivunie. Wangu amenunua hamira.

Hester

*

Soetkloof
24 Novemba 2002

Dada,

Amezaliwa, tarehe kumi na tatu, wa kiume, kilo tatu kasoro kidogo. Ananyonya kama anadai. Tumemwita Abram.

Nilimwomba muuguzi ampime kichwa kwa utepe. Akasema kiko sawa. Nikasema pima tena. Akapima tena. Nikamuuliza, basi amepona? Akanijibu, "Sikudanganyi, Sanna, mengine huonekana akianza shule. Lakini ulichoweza kumpa tangu ulipojua, umempa." Nikaona hilo ni jibu la mtu anayeniheshimu.

Dawid alinywa wiki nzima kwa furaha, kisha akaona aibu. Simtangazi kuwa ameacha. Ila hanywei tena ndani ya nyumba, na akirudi ananawa kwanza kabla ya kumbeba mtoto.

Hapa kuna msichana anaitwa Beulah, mtoto wa Katryn, miaka kumi na tisa. Ana mimba na anakunywa. Nilimwambia pembeni. Akaniambia, "Antie Sanna, wewe ni nani wa kunifundisha? Wako mwenyewe ni zuzu." Nilimpiga kofi. Sijutii kofi, najutia kwamba sikuwa na la kumwambia.

Muuguzi anataka mwakani wanawake wakutane kwenye banda baada ya mavuno, anataka mtu wa hapahapa aongee. Mimi nimekataa.

Sanna

*

Beaufort West
2 Machi 2003

Sanna,

Abram! Najua nimechelewa kujibu, lakini siku barua yako ilipofika nililia juu ya sufuria ya bweni, mchuzi ukapata chumvi ya bure.

Umekataa kuongea, vizuri, usilazimishwe. Ila nitakuambia nilichofanya bila ruhusa yako. Nilimweleza Rozaan kilichompata. Daktari alisema ana haki ya kujua, polepole, kwa maneno machache. Nikamwambia: "Ulipokuwa tumboni, mama alikunywa mvinyo. Hakujua. Mvinyo uliumiza ubongo wako. Ndiyo maana mambo mengine ni magumu. Si kosa lako."

Akavaa viatu vyake, nikadhani ameshasahau. Kisha akaniuliza, "Mimi si mkaidi?"

"Wewe si mkaidi."

Akaenda kumwambia jirani. Akaenda kumwambia mwenye duka. Jumapili akamwambia mchungaji mlangoni, foleni nzima ikisikia: "Mimi si mkaidi. Ni ubongo wangu uliumia." Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikaona shingo yake ilivyonyooka, nikanyoosha na yangu.

Pasaka tunakuja kwa treni. Amemwekea Abram soksi.

Hester

*

Soetkloof
27 Aprili 2003

Dada Hester,

Jana nilikupungia mpaka treni ikapinda mlimani. Najua ulikuwepo bandani jana asubuhi kwenye mkutano wa muuguzi, lakini ulisimama nyuma kabisa na Abram mgongoni, ukawa unafuta macho, kwa hiyo hukuona nilichokiona mimi kutoka mbele. Nakuandikia ili uwe nacho.

Unajua sikupanga kuongea. Niliingia kukaa tu. Muuguzi akaongea vizuri, akaonyesha picha zake, wanawake wakapiga miayo. Katryn akasema kwa sauti, "Haya mambo ni ya vitabu, sisi tumezaa miaka yote." Wakacheka. Ndipo Rozaan akasimama. Hakuna aliyemtuma. Akasema lile neno lake analomwambia kila mtu, kwamba yeye si mkaidi, ni ubongo wake uliumia. Na wote pale walimjua alipokuwa mdogo, na wote walishamwita zuzu.

Ikabidi nisimame pembeni yake. Ningemwachaje peke yake? Nikasema: "Mimi ni Sanna Jantjies. Huyu ni mwanangu. Nilikunywa nikiwa na mimba yake, kwenye mlango ule pale." Nikasema yote, mpaka kaka yetu, mpaka ule mfereji. Sikumtaja aliyekaa kwenye kigoda. Ndipo nikasikia sauti yako kutoka nyuma: "Aliyemimina ni mimi." Dada, sikujua kama una sauti kubwa hivyo nje ya kwaya.

Sasa hapa ndipo hukuona. Beulah alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya tumbo. Hakunitazama mimi. Alimtazama Rozaan, akamuuliza kwa ubishi, unajua alivyo: "Na wewe humchukii mama yako?"

Rozaan alifikiri. Unajua anavyofikiri, midomo inatembea. Watu wote wakamsubiri, na hakuna aliyecheka, hata Katryn. Akasema: "Hapana. Ananichosha tu akiongea haraka."

Banda zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza, lakini Beulah hakucheka. Machozi yalimshuka akayaacha yashuke. Leo asubuhi amebisha hodi kwangu. Nikafikiri amekuja kunirudishia lile kofi. Akasimama mlangoni akasema, "Antie, Jumanne gari la kliniki linapita saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu. Akasema, "Utanisindikiza?" Nikasema nitakwenda naye, na nitamngoja mpaka atoke.

Katryn alikuwa amesimama barabarani anatutazama. Hakuniita Mchungaji. Aliinua mkono tu.

Miaka kumi hapa shambani nimepita nikitazama ardhi kila mtu alipomtaja mwanangu. Jana mtu aliponiuliza wewe ni mama wa nani, nilijibu kabla hajamaliza kuuliza.

Ni mimi,
Mama Rozaan